Dawa iliyogusa upande mmoja: uchambuzi wa kisa cha nyanya za mlimani, Mwanza

Mazingira ya kisa

Shamba linalozungumziwa hapa lina ukubwa wa nusu ekari na liko kwenye mteremko wa kilima cha mawe ndani ya Mkoa wa Mwanza, juu ya mwalo mdogo wa dagaa, yaani mahali wavuvi wanaposhushia na kuanika samaki. Majina ya watu, ya kijiji na ya dawa zilizotumika yameondolewa. Mwenye shamba ni mama wa makamo ambaye amelima nyanya kwa miaka mingi kwenye tambarare na ambaye alikuwa akijaribu mlima kwa mara ya kwanza, kwa sababu eneo la chini alilozoea liko ndani ya zile mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda. Kazi ya kupiga dawa ilifanywa na kijana mmoja wa kibarua. Mimi nilihusika kama mshauri, nikilitembelea shamba mara tatu kati ya mwisho wa Julai na katikati ya Septemba.

Mpangilio wa shamba ndio unaobeba kisa kizima, kwa hiyo nauomba usomwe kwa utulivu. Ziwa liko magharibi. Mistari ya nyanya ilikuwa 36, kila mmoja wenye urefu wa mita 45, na yote ilipandwa ikielekea juu na chini ya mlima badala ya kuukata mteremko. Kutoka mwisho wa chini hadi mwisho wa juu, kimo kiliongezeka kwa takriban mita 13. Nyanya zilisimikwa miti na kufungwa kamba, hivyo kila mstari ulisimama kama ukuta wa majani wenye nyuso mbili, uso wa kaskazini na uso wa kusini. Kijana alibeba bomba la mgongoni la lita 16 na kushika fimbo ya kupulizia kwa mkono wa kulia. Kila mstari aliuzunguka: alipanda akiupiga uso wa kaskazini, akageuka huko juu, kisha akashuka akiupiga uso wa kusini. Hakuna aliyempangia hivyo. Ndivyo mtu anayetumia mkono wa kulia anavyojikuta akifanya.

Malalamiko ya awali

Nilipoitwa mara ya kwanza, hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa: dawa ni feki. Kantangaze, yule nondo mdogo wa nyanya aliyeripotiwa nchini mwaka 2014 na ambaye wataalamu wengi humwita *Tuta absoluta*, alikuwa amechora vichuguu kwenye majani, na matunda machanga yalikuwa yameanza kutobolewa karibu na kikonyo. Pamoja naye kulikuwa na bakajani, ugonjwa wa ukungu unaotia majani mabaka, kwenye majani ya chini. Mama alikuwa amebadilisha dawa ya wadudu mara tatu ndani ya wiki tano, na kila alipobadilisha aliongeza kipimo.

Nilimwomba aniletee vifungashio vyote vitatu. Majina yalikuwa matatu na rangi za lebo zilikuwa tatu, lakini maandishi madogo ya kiambato yalionyesha kwamba vifungashio viwili vilikuwa na dawa ya jamii moja, ya pareto bandia (sumu ya kiwandani inayoiga ile ya ua la pareto), na ni cha tatu tu kilichokuwa na emamektini, dawa ya jamii nyingine. Vyote vilikuwa na namba ya usajili, na hakuna nilichokiona kinachoashiria ughushi.

"Sasa mbona haviui, bwana shamba?" aliniuliza.

Swali lilikuwa halali, nami sikuwa na jibu la papo hapo.

Kipimo chenyewe kilikuwa kifuniko cha chupa ya maji. Tulikijaza na kukipima kwa bomba la sindano, tukapata mililita 7. Kijana alitia vifuniko viwili kwa kila bomba, yaani mililita 14, ilhali kwa maelekezo ya lebo bomba la lita 16 lilistahili mililita 8. Shamba zima lilimaliza mabomba 12, na kazi ilianza saa nne asubuhi ikaendelea hadi mchana. Kwa hesabu hiyo kila upigaji ulitumia mililita 168 za dawa.

Ziara ya kwanza: nilichokiona na nilichokidhania

Jambo lililonishtua halikuwa wingi wa uharibifu bali mahali ulipokuwa. Nilikagua majani 100 kwenye uso wa kaskazini na 100 kwenye uso wa kusini, nikihesabu yale tu yenye kiwavi hai ndani ya kichuguu. Kaskazini nilipata 14, na kusini nikapata 38. Bakajani nayo ilikuwa mbaya zaidi kusini. Dawa iliyotoka kwenye bomba lile lile, siku ile ile, haiwezi kuwa feki upande mmoja wa mstari na halisi upande wa pili. Nilimwambia mama hivyo, na kwa mara ya kwanza aliacha kuvitazama vifungashio akaanza kuyatazama majani.

Palikuwa na maelezo mawili yanayowezekana. La kwanza lilikuwa kivuli. Mwanza iko kusini kidogo ya ikweta, hivyo kuanzia Juni hadi Septemba jua la mchana hukaa upande wa kaskazini, na uso wa kusini wa mstari unaoelekea mashariki na magharibi hubaki kivulini na kuchelewa kukaukiwa na umande. La pili lilikuwa mwendo. Nilimpima kijana kwa saa ya simu: kupanda mita 45 kulimchukua sekunde 185, na kushuka sekunde 107. Nozeli yake, yaani kipande chenye tundu kinachorusha dawa, ilitoa lita 1.1 kwa dakika, hivyo uso wa kaskazini ulipata takriban lita 3.4 na uso wa kusini chini kidogo ya lita 2. Tofauti hiyo ilinitosha. Nilitangaza, kwa uhakika ambao sasa unanifedhehesha kidogo, kwamba tatizo ni mwendo.

Niliamua mambo matatu. Kwanza, kipimo kirudi mililita 8 kwa bomba, kwa kuwa kuongeza dozi ya dawa isiyomfikia mdudu humwongezea mkulima gharama na kuwaacha hai wale walioguswa kidogo, ambao ndio huzaa kizazi sugu. Pili, kijana ashuke polepole kama anavyopanda, akiihesabu miti ya kusimikia. Tatu, ili nitenganishe kivuli na upigaji, mistari minne ya katikati izungukwe kinyume, yaani uso wa kusini upigwe wakati wa kupanda na uso wa kaskazini wakati wa kushuka. Dawa ya pareto bandia iliyobaki ndiyo itumike katika kipindi hicho chote ili kusiwe na badiliko lingine.

Majuma mawili ya ushauri usiofaa

Baada ya upigaji mara mbili nilirudi. Kijana alikuwa ametii barabara. Mwendo wa kushuka ulikuwa sawa na wa kupanda. Matokeo yake yalikuwa kwamba shamba lilitumia mabomba 15 badala ya 12, maji yalichuruzika kutoka kwenye majani hadi chini, na viwavi upande wa kusini walikuwa karibu wale wale: majani 35 kati ya 100. Nilikuwa nimemwongezea mama gharama ya maji na vibarua, bila faida.

Mistari minne iliyogeuzwa ndiyo iliyoniokoa. Humo kantangaze alikuwa amehama. Uso wa kusini ulikuwa na majani 15 yenye viwavi na uso wa kaskazini 34, ilhali bakajani ilibaki palepale kusini kama ilivyokuwa. Maana yake ilikuwa wazi. Bakajani ilifuata kivuli na unyevu. Kantangaze hakufuata kivuli, wala hakufuata mwendo, kwa sababu mwendo ulikuwa umekwisha kusawazishwa. Alifuata kushuka. Uso wowote uliopigwa mtu akishuka ndio uliobaki na wadudu.

Hapo ndipo nilipofanya nililopaswa kulifanya siku ya kwanza, yaani kumuuliza anayelibeba bomba. Kijana hakusita.

"Nikishuka, upepo wa ziwani unanirudishia dawa usoni," alisema. "Kwa hiyo fimbo naishusha mbali, naangalia pembeni."

Alinionyesha. Aligeuza uso kuelekea kilimani, akanyoosha mkono, na ncha ya fimbo ikawa inamwagia nyuso za juu za majani kama mtu anayemwagilia mchicha. Kisha akanionyesha anavyopanda. Kwa kuwa mmea ulio mbele ya mtu anayepanda uko juu yake, fimbo iliinuka yenyewe, na mvuke wa dawa ukaingia kwa chini ya majani.

Tulibana karatasi 20 za njano, zile zinazogeuka buluu zikiguswa na maji, kwa vibanio vya nguo: kumi juu ya majani na kumi chini yake kwenye uso wa kushukia, kisha tukarudia vivyo hivyo kwenye uso wa kupandia. Bomba lilijazwa maji matupu. Kwenye uso wa kushukia, karatasi za juu zote ziligeuka buluu tupu, matone yakiwa yameungana na kuchuruzika, lakini kati ya kumi za chini, saba zilibaki njano kama zilivyotoka kwenye pakiti. Kwenye uso wa kupandia, sita kati ya kumi za chini zilikuwa na madoa. Mama alizichukua zile saba akazipanga juu ya jiwe, akazitazama kwa muda bila kusema kitu. Kantangaze hutaga mayai yake mengi chini ya majani, na pareto bandia ni dawa ya kugusa, haipenyi jani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo zile lita mbili, au tatu na nusu baada ya ushauri wangu, zilikuwa zikioshea upande ambao mdudu hayupo.

Maamuzi ya ziara ya pili

Marekebisho makubwa kuliko yote hayakugharimu kitu. Ncha ya fimbo ilikuwa na kikunjo, na ilikuwa imefungwa ikitazama chini, kama inavyofungwa kwa kuua magugu. Tuliilegeza, tukaizungusha nusu duara itazame juu, tukaikaza. Kijana alielekezwa kuanza na fimbo usawa wa goti na kuipandisha hadi kileleni mwa mmea, akipanda mlima na akishuka vilevile.

Nozeli ilibadilishwa. Ile ya zamani ilikuwa ya shaba na ilikuwa ikizibuliwa kwa waya kila inapoziba, jambo lililokuwa likitokea mara kwa mara kwa kuwa maji yalichotwa ziwani na kumiminwa bila kuchujwa. Tundu lilikuwa limepanuka. Mpya ya aina ile ile, yenye kutoa koni tupu katikati, ilitoa lita 0.75 kwa dakika kwa presha ile ile, na kanuni ya kawaida ni kwamba nozeli inayozidi mpya kwa asilimia 10 tu imekwisha. Hii ilizidi kwa karibu asilimia 47. Tundu pana hutoa matone makubwa, na tone kubwa juu ya jani la nyanya halikai, linateleza. Maji sasa yalichujwa kwa kitambaa, na waya ukapigwa marufuku. Mswaki wa zamani ulichukua nafasi yake.

Suala la upepo lilikuwa gumu zaidi. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu na hupanda mlima, nao ndio uliokuwa ukimrudia kijana usoni. Jibu rahisi lingekuwa kupiga alfajiri, lakini wakati huo hewa baridi huteremka kutoka mlimani kuelekea ziwani, na chini ya shamba kuna mwalo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hufika alfajiri, na huanikwa asubuhi. Kinamama wa mwaloni walikuwa wamekwisha kulalamika mara moja kuhusu harufu, na walikuwa na haki: hakuna anayetaka dawa ya wadudu juu ya kitoweo, na pareto bandia ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Tulikubaliana kuligawa shamba. Theluthi mbili za juu zipigwe asubuhi, kuanzia pale moshi wa mafiga ya mwaloni unapoacha kuelekea ziwani na kuanza kunyooka juu, na zikomee upepo unapoanza kuyatikisa majani. Theluthi ya chini ipigwe siku hiyo hiyo jioni, dagaa wakiwa wamekwisha kuanuliwa na upepo wa ziwani ukiwa umedhoofu lakini bado unaelekea mlimani, mbali na maji. Mama mwenyewe alishuka kuwaeleza wenzake wa mwaloni na kuahidi kuwapa taarifa siku moja kabla. Naliona hilo kuwa uamuzi bora kuliko yote yaliyofanyika shambani pale, na halikuwa wazo langu.

Lilijitokeza pia wazo la kuweka simtanki juu ya kilima, kuchanganyia dawa humo, na kupiga kwa mpira mrefu kwa nguvu ya mteremko bila bomba. Nililikataa kwa hesabu. Kila mita 10 za kimo hutoa takriban presha ya bar 1, hivyo mita 13 zingetoa bar 1.3 chini kabisa na karibu sifuri juu, wakati nozeli ya koni huhitaji bar 2 hadi 3 ili itengeneze matone mazuri. Aidha, mpira wa nusu inchi wenye urefu wa mita 50 hubaki na lita 6 za dawa ndani yake, ambazo mwishowe humwagwa mahali fulani, na mahali hapo kwa kawaida ni njia ya maji. Simtanki ya lita 500 iliwekwa hata hivyo, lakini kwa maji safi pekee, yaliyopandishwa kwa mashine ya maji. Manufaa yake makubwa ni kwamba bomba halikuteremshwa tena ziwani kujazwa wala kuoshwa.

Kwa dawa, pareto bandia ilisimamishwa na emamektini ikaanza, ikipokezana na dawa ya bakteria ya *Bacillus thuringiensis* wakati wa mavuno, kwa kuwa matunda yalichumwa mara mbili kwa wiki na mtu hawezi kuchuma Jumatano huku lebo ikimtaka asubiri siku saba. Kwa bakajani, majani yote ya chini hadi usawa wa sentimita 30 yalitolewa na kufukiwa. Kijana alipewa buti, glavu na miwani. Barakoa aliivaa siku ya kwanza tu.

Matokeo

Mwendo mpya ulikuwa sekunde 142 kwa kila uso, kupanda na kushuka. Bomba moja lilitosha mistari minne na nusu, shamba likamalizwa kwa mabomba 8, na kwa kipimo cha mililita 8 jumla ikawa mililita 64 mahali pa 168. Karatasi nane kati ya kumi za chini ya majani zilikuwa na madoa madogo madogo, pande zote mbili. Baada ya upigaji mara tatu, majani yenye viwavi hai yalikuwa 11 kati ya 100 kusini na 9 kaskazini.

Sokoni hali haikuwa tamu kiasi hicho. Machumo matatu ya mwanzo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Katika kila tenga kumi, matatu yalitupwa au kuuzwa kwa bei ya masalio. Machumo ya mwisho yalipoteza tenga moja katika kumi, lakini bei ilikuwa imeshuka. Mama alirudisha mtaji na kidogo cha juu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi, zaidi ya yote, ni ile mistari minne iliyogeuzwa. Bila hiyo ningeendelea kuamini mwendo, au ningerukia kivuli, na kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa na hoja nzuri ya kukitetea. Jaribio lile halikuhitaji chombo chochote. Lilihitaji tu kijana akubali kuzunguka kushoto kwenye mistari minne, na mimi nikubali kusubiri majuma mawili. Faida yake ya pili, ambayo sikuitarajia, ni kwamba liliyatenganisha matatizo mawili yaliyokuwa yameishi uso mmoja na kuonekana kama tatizo moja. Dawa ya ukungu isingemaliza bakajani ya upande ule kwa kupigwa vizuri tu. Ilihitaji hewa ipite.

Kilichoshindwa upande wangu ni mpangilio wa maswali. Nilizungumza na mwenye shamba kwa saa nzima na kumpima kijana kwa saa ya simu kana kwamba ni mashine, ilhali yeye alijua tangu mwanzo kwa nini anashuka haraka. Hakulisema kwa sababu hakuulizwa, na kwa sababu kibarua aliyeajiriwa kwa siku hana sababu ya kumweleza bosi wake kwamba anageuza uso akiwa kazini. Ushauri wa kushuka polepole, ukiutazama kutoka mgongoni mwake, ulikuwa ushauri wa kumwogesha dawa kwa muda mrefu zaidi. Hesabu yangu ya lita ilikuwa sahihi, lakini ilipima kilichotoka kwenye nozeli, haikupima kilichofika chini ya jani. Karatasi za njano zilikuwa kwenye begi langu tangu ziara ya kwanza.

Yapo pia mambo ambayo kisa hiki hakiwezi kuyathibitisha. Katika ziara ya pili nilibadilisha pembe ya fimbo, nozeli, saa za kupiga na dawa yenyewe kwa mkupuo mmoja, na emamektini hupenya jani kiasi, tofauti na pareto bandia. Kupungua kwa viwavi kutoka 35 hadi 11 ni kazi ya mabadiliko hayo yote kwa pamoja. Ninachoweza kukitetea bila wasiwasi ni kwamba tofauti kati ya uso na uso ilisababishwa na mwelekeo wa kutembea, kwa sababu hiyo ilionekana kabla dawa haijabadilishwa, na kwamba tofauti hiyo iliisha ncha ilipogeuzwa. Kwa mtaalamu hilo ni pungufu, lakini mama alikuwa na tenga za kuuza, na sikuweza kumwomba asubiri tena.

Msimu uliofuata mistari ilipandwa ikiukata mteremko, na mawe yaliyokuwa yametapakaa yakapangwa kuwa kingo za matuta. Kijana sasa hutembea tambarare, na mzigo wa kilo 20 na ushei haumsukumi tena mbele. Tatizo jipya ni kwamba uso wa mstari unaotazama kilimani uko karibu sana na ukingo wa tuta la juu, fimbo haipati nafasi ya kuanzia gotini, na karatasi nilizobana hapo mara ya mwisho zilitoka njano nne kati ya kumi. Kijana amekata fimbo ya zamani ikawa fupi kwa ajili ya upande huo, na bado tunaijaribu.